Tangi la uani, Jumamosi hii

Shangazi Mwanaidi: Asalaam alaikum wanangu. Februari inakatika, masika hayo yanakuja, na tangi halijaguswa. Kila Jumamosi naambiwa "jioni". Jioni mpira, kesho yake Kigamboni.

Rama: Waalaikum salaam, shikamoo shangazi. Joto lenyewe hili, juu ya mnara hapakaliki.

Mjomba Hamisi: Hapakaliki saa 5. Anza saa 12:30 asubuhi, saa 3 umeshashuka. Ila kazi yenyewe inaanza Alhamisi: funga koki ya kuingizia, mashuka na mapazia yote yafuliwe kwa maji ya tangi. Ukifunga Jumamosi yenyewe utakuta zaidi ya nusu tangi, na hakuna mwenye moyo wa kuyamwaga. Hapo ndipo kazi huahirishwa tena.

Rama: Sawa mjomba. Nikisuuza kwa mpira wa maji haitoshi?

Dada Salma: Haitoshi, Rama. Mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi, na mayai yake hugandia ukutani juu kidogo ya usawa wa maji. Yanakaa makavu hata miezi kadhaa, maji yakipanda yanaanguliwa. Sugua ule mstari wa juu kuliko kwingine kote. Dar imeshaona dengue 2014 na 2019, tusicheze nayo.

Mjomba Hamisi: Brashi ya plastiki yenye mpini mrefu, usitumie ya waya. Waya unachubua, na uchafu unashika kwenye michubuko. Tope la chini halitoki kwa koki kwa sababu tundu la kutolea liko juu ya sakafu ya tangi. Lichote kwa kopo, malizia na kitambaa. Asiingie mtoto ndani, na usipande peke yako.

Shangazi Mwanaidi: Na jiki kiasi gani?

Dada Salma: Tangi letu ni la lita 1000. Likishajaa, lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Fungua kila bomba mpaka harufu ifike, kisha funga. Iache mpaka Jumapili asubuhi. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

Rama: Kwa hiyo Jumamosi yote maji hayaguswi?

Dada Salma: Hayanywewi wala hayapikiwi. Jazeni madumu manne Ijumaa usiku. Kigamboni nendeni tu, dawa inafanya kazi yenyewe. Jumapili maji hayo yasafishe choo, bafu na sakafu ya uani, ila bustani ya shangazi msiimwagie. Kisha jaza upya, suuza mabomba mpaka harufu ipungue.

Mjomba Hamisi: Na mfuniko. Una ufa pembeni, mbu anapita. Kata chandarua kipande, funika mdomo, kaza kwa kamba ya mpira, ndipo urudishe mfuniko.

Rama: Koki naifunga Alhamisi baada ya magharibi. Brashi ninayo, chandarua sina.

Shangazi Mwanaidi: Kipo cha zamani kabatini kwangu. Pitia ukichukue.