Wanagenzi na usalama wa wagonjwa: nitawafunzaje kuuona mfumo?

DaktariKisiwani
Assalamu alaykum. Nasimamia madaktari wanagenzi katika hospitali moja hapa Mombasa. Kila wiki tuna kikao cha kujadili yaliyotokea wodini, na kila wiki kinageuka mahakama. Juzi usiku mwanagenzi alichukua kwenye troli kichupa cha plastiki akidhani ni maji ya sindano, kumbe ni potasiamu kloraidi kali, ile ambayo ikidungwa mshipani bila kuzimuliwa huweza kusimamisha moyo. Nesi akakisoma kabla dawa haijavutwa, tukanusurika. Kikaoni akaulizwa, "Kwani husomi?" Akaomba radhi, ikaandikwa "aongeze umakini", tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyeuliza potasiamu ilifuata nini kwenye troli.

Nimewasomesha yale ya James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza aliyechunguza makosa ya binadamu: kila kinga ina matundu, na madhara hupita siku matundu yakikaa mstari mmoja. Mtihani watapita. Zamu ikianza, ni yale yale. Nina saa moja tu kwa wiki. Nifanyeje?

Mzee_wa_Makadara
Daktari, mie haya ya mfumo yananitia wasiwasi. Kila mtu akisema ni mfumo, lebo atasoma nani?

SistaMstaafu
Dokta mwanangu, saa yako usiimalizie darasani. Mpe kila mwanagenzi dawa moja aifuate kwa miguu, toka ilipoandikwa hadi inapoingia mshipani. Asimame dirisha la famasi aone mwandiko wake unavyokisiwa. Akae na nesi anayegawa dawa, aone anavyokatizwa: huyu jamaa wa mgonjwa, ile simu, huyu daktari anatafuta glavu. Wallahi watarudi wamenyamaza.

Hivyo vichupa navyo, wakaviweke viwili sambamba usiku, pale pale kwenye troli, kwa taa ile ile. Plastiki moja, ukubwa mmoja, maandishi madogo yanayong'aa. Ndipo uwaulize: kesho kibadilike nini, kisichotegemea mtu kukumbuka? "Tuwe makini" likatae. "Wafunzwe tena" ni nusu jibu. Jibu ni potasiamu kali itoke wodini. Tena si maneno yangu, Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo huo tangu 2007.

Halafu kikao asikiongoze yule anayewatilia sahihi fomu za kumaliza mafunzo. Nani atasema kweli mbele yake? Na mwite mhudumu wa wodi. Madaktari humsahau, naye ndiye ajuaye funguo za stoo hulala wapi.

Mzee wangu wa Makadara, lebo itasomwa, ila msomaji mwenyewe yuko zamu tangu jana asubuhi. Aliyekuja amelewa au aliyeficha faili, huyo mwajibisheni, sina ugomvi.

Mzee_wa_Makadara
Hapo sawa, sista.

Thieta_Pwani
Upande wa upasuaji tunayo orodha ya ukaguzi ya Shirika hilo hilo, ya 2008. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo jirani zetu wa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini nimeshaona ikitiwa tiki zote mgonjwa angali kwenye machela nje. Mwanagenzi akishuhudia hivyo, basi ameshafunzwa, somo lako la saa moja halitalifuta. Mwachie yeye aisome kwa sauti, na bingwa mwenye haraka zake amsubiri.

DaktariKisiwani
Ahsanteni sana. Tutaanza na potasiamu. Shida ni kwamba famasi yetu hufungwa usiku. Mgonjwa akiihitaji saa nane za usiku, na wodini haipo, itatoka wapi?

SistaMstaafu
Hilo usilijibu wewe, dokta. Wape wanagenzi, na mfamasia awepo kikaoni. Na ile ya kwenye troli isiondolewe mpaka hilo lipate jibu, lakini leo leo itengwe sanduku lake, mbali na maji ya sindano.