Tupeane uzoefu: mliojifunzia nyumbani kutengeneza vyuma vya pikipiki, hapa Goma

Mwana Majengo: Leo motari (dereva wa pikipiki ya abiria) aliyenibeba kutoka Birere ana kereti ya nyuma ya kubebea mizigo niliyoitengeneza mimi mwaka 2019! Nimeigusa, maungio bado mazima. Nimekumbuka garaji ya baba na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Bomba la milimita 1.5 lilinitesa, kila nikiligusa ni tundu. Nilipona siku niliyoacha bageti (fimbo ya kuchomelea) ya milimita 3.2, nikachukua ya 2 na kushusha moto wa mashine. Wenzangu mlianzaje?

Yaya wa Katindo: Bomba jembamba, kweli kabisa. Na macho! Nilichomelea na miwani ya jua. Saa saba usiku ni kama nimemwagiwa mchanga.

Papa Trois: Weka vipande vya viazi.

Yaya wa Katindo: Papa, kwa heshima, viazi hapana. Nilienda kwa daktari wa macho. Nunueni kofia yenye kioo cheusi.

Mdogo wa Himbi: Acha niseme yangu yote. Tanki la pikipiki lilivuja chini, karibu na robine, ile koki ya petroli. Nilimwaga petroli, nikalianika siku nzima juu ya mawe ya volkano. Nikanusa, hakuna harufu. Mdogo wangu akalibana kwa magoti, mimi nikashika bageti. Mama akamwita, akamtuma chumvi. Akanung'unika, akaenda. Nikasema sitamngoja, nikagusa chuma. Sikusikia mlio, niliona mwanga tu. Kifuniko kilitoboa bati la paa, tanki likavimba kama andazi. Nina kovu hadi kiwiko. Tangu siku ile mama akinituma chumvi, simwambii ngoja.

Mwana Majengo: Yesu wangu.

Fundi Kibumba: Pole sana, ndugu. Mvuke wa petroli hujificha kwenye kutu na mikunjo, pua haiujui. Funga kifuniko kisivuje, geuza tundu liangalie juu, jaza maji kupitia tundu la robine yafike karibu na palipotoboka, acha tundu la robine wazi, ndipo uchomelee.

Papa Trois: Sisi tulikuwa tunaingiza moshi wa ekzosi ya pikipiki nyingine. Miaka ishirini.

Fundi Kibumba: Mzee, kupona si ushahidi. Usimfundishe mtoto wa watu hivyo.

Papa Trois: Wewe ulianza na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, leo unanifundisha chuma?

Fundi Kibumba: Ndiyo, chukudu! Ndiyo iliyonifundisha kupima mara mbili kabla ya kukata. Mti wa mkaratusi ukikosea, umekwisha.

Yaya wa Katindo: Tafadhali, tusigombane. Mwingine asisahau kutoa betri kabla ya kuchomelea fremu. Mimi niliunguza CDI, kile kisanduku cha umeme wa plagi.

Mwana Majengo: Na ushike misa, lile koleo la waya wa kurudisha umeme, karibu na pale unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi.

Papa Trois: Himbi, yule mdogo wako yuko wapi sasa?

Mdogo wa Himbi: Anachomelea na mimi, Papa. Gidoni (usukani), kereti, vikanyagio. Tanki hapana.

Mgeni wa Sake: Samahani nimechelewa. Hizo bageti za 2 munazipata wapi? Huku ni za 3.2 tu.