Naomba ushauri: orodha ya wanachama kutoka Excel inagoma kuingia PostgreSQL

MwanaMakupa
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Niko Mombasa, nashughulikia kompyuta za chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara wa sokoni Kongowea. Miaka yote orodha ya wanachama imekaa kwenye Excel, na kila mweka hazina aliyepita ameijaza kwa mtindo wake. Kamati sasa inataka ihamie PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kabla ya mkutano mkuu. Nimehifadhi faili kama CSV (maandishi matupu, kolamu zimetengwa kwa koma), lakini kila nikiipakia inasimama. Ilianza na hili:

`ERROR: date/time field value out of range: "25/03/2019"`

Nikaibadilisha kolamu ya tarehe iwe ya maandishi ili ipite. Ikapita, kisha ikakwama mbele:

`ERROR: invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92`
`CONTEXT: COPY wanachama, line 214`

Mstari wa 214 ni wa mama mmoja wa Ng'ombeni. Nimeutazama juu chini, sioni kasoro. Namba za simu nazo zimepoteza sifuri ya mbele, na nyengine zimegeuka 2.54722E+11. Mwenzangu ofisini anasema nirekebishe mstari mmoja mmoja kwa mkono. Hizi ni akiba za watu, naogopa kuziharibu. Nifanyeje?

fundi_likoni
Kaka, tatizo la mstari wa 214 ni ritifaa ya Ng'ombeni, ile alama ya ' ndani ya jina. Bila shaka jina lilinakiliwa kutoka barua ya Word, na Word huikunja ile alama. Excel ya Windows ukiiambia ihifadhi CSV ya kawaida, alama hiyo huandikwa kwa baiti moja, 0x92, kwa usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa namba) wa Windows-1252. Kwenye UTF-8, usimbaji mwengine, alama hiyo hiyo ni baiti tatu: E2 80 99. PostgreSQL inasubiri UTF-8, ikikutana na 0x92 peke yake inakataa, na ina haki. Usimfute mama wa watu! Ama hifadhi upya kwa kuchagua "CSV UTF-8", ama iambie PostgreSQL faili ni ya aina gani, ukipakia kwenye jedwali la muda, hapa `ghafi`:

`\copy ghafi from 'wanachama.csv' csv header encoding 'WIN1252'`

Ikishaingia, geuza ritifaa zote ziwe za aina moja. Usipofanya hivyo, karani atamtafuta Ng'ang'a kwa ritifaa iliyonyooka, na mfumo umjibu hayupo.

BintiKisauni
Kwa tarehe ni rahisi, seva yako inasoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. Andika `SET datestyle TO 'ISO, DMY';` (DMY ni siku, mwezi, mwaka) kabla ya kupakia, kosa litaondoka.

mzee_wa_majedwali
Dada Binti, kosa litaondoka kweli, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. MwanaMakupa, usipakie tarehe bado.

Excel haihifadhi tarehe kama unavyoiona. Huihifadhi kama namba ya siku, ikihesabu 1 Januari 1900 kuwa 1, na kinachoonekana kwenye seli ni mavazi tu. Sasa chukua kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, kama zilivyo nyingi zikitoka dukani. Karani anaandika 03/04/2019 akikusudia tarehe 3 Aprili. Excel inaelewa 4 Machi, inaweka namba ya 4 Machi, na hainung'uniki. Kisha anaandika 25/03/2019. Mwezi wa 25 hakuna, kwa hiyo Excel inaiacha kama maandishi. Ukija kuhifadhi CSV kwenye kompyuta nyengine iliyopangwa kwa mtindo wa kwetu, ile ya kwanza inatoka 04/03/2019. DMY inaisoma 4 Machi, inaingia salama, na mchango wa Aprili umehamia Machi bila mtu kujua.

Namna ya kujua: fungua faili la asili, sio CSV, chagua kolamu nzima ya tarehe, ipe umbo la yyyy-mm-dd. Seli zitakazobadilika ni tarehe halisi. Zisizobadilika ni maandishi, na kwa kawaida utaziona zimelala upande wa kushoto. Kisha angalia zilizobadilika: kama hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12, na maandishi yote siku zake ni 13 kwenda juu, basi zimepinduka.

Halafu usipakie moja kwa moja kwenye jedwali la wanachama. Tengeneza jedwali ghafi ambalo kila kolamu ni `text`, mwaga kila kitu humo, usafi ufanyie ndani kwa SQL, lugha ya amri za hifadhidata. Ukirekebisha kwa mkono, kesho hakuna atakayejua ulibadilisha nini. Amri ya SQL unaweza kuirudia, na mwengine akaikagua.

fundi_likoni
Naunga mkono. Na hizo simu za E+11, ukiitazama CSV utakuta tarakimu zimeshapotea, kwa kuwa Excel huandika kile kinachoonekana. Ila faili la asili bado linazo. Ipe kolamu umbo la namba isiyo na desimali, ndipo uhifadhi. Zenye tarakimu 9 zinazoanza na 7 au 1 ziongezee sifuri huko kwenye jedwali ghafi. Na CSV yenyewe usiifungue kwa kubofya mara mbili, Excel itakula sifuri upya ukihifadhi.

MwanaMakupa
Shukran sana ami, na wewe fundi. Nimefanya kipimo cha tarehe, na ni vile vile ulivyosema: hakuna tarehe halisi hata moja yenye siku inayozidi 12. Kompyuta ya zamani ya ofisi imepangwa Marekani, laptopu yangu sivyo. Nimechukua vitabu vya risiti nikalinganisha, kote mwezi na siku vimebadilishana. Je, hii iko sawa? Za yyyy-mm-dd inazipindua, za maandishi inazisoma kama zilivyo:

`case when tarehe like '____-__-__'`
`then to_date(tarehe, 'YYYY-DD-MM')`
`else to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY') end`

mzee_wa_majedwali
Iko sawa, maadamu orodha yote iliandikwa kwenye kompyuta ile moja. Kama kuna karani aliyejaza kwengine, mistari yake itenge uisome kivyake, na risiti ndizo ziamue.

MwanaMakupa
Yote iliandikwa pale pale. Zimeingia zote, na jumla ya michango ya kila mwezi inakubaliana na risiti. Limebaki moja: nikisajili mwanachama mpya inasema `duplicate key value violates unique constraint`, yaani namba imejirudia, na namba yake hata sijaiandika mimi.

BintiKisauni
Hilo nalijua. Uliingiza wanachama pamoja na id (namba za utambulisho) zao za zamani, kwa hiyo kihesabu cha id hakikusogea, bado kinataka kuanza na 1. Kisogeze:

`select setval(pg_get_serial_sequence('wanachama', 'id'), (select max(id) from wanachama));`

Fanya hivyo kwa kila jedwali uliloingiza na id zake, la michango pia.

MwanaMakupa
Imekubali, mwanachama mpya ameingia. Naenda kwenye la michango sasa hivi. Mungu awalipe, dada.