Naomba ushauri: tunavunja choo cha ndani, mama ana miaka 74 na nyumba ina watu saba

Binti_Gungu

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wakubwa wangu.

Nipo Gungu, Kigoma. Nyumba ni ya marehemu baba, vyumba vinne, na choo ni kimoja tu cha ndani, bafu humo humo. Sinki ni la kuchuchumaa. Sakafu ni saruji ya kusugua, ikilowa inateleza kama imepakwa mlenda. Mwezi wa tatu mama aliteleza akitoka kuoga. Namshukuru Mungu hakuvunjika, ila goti la kulia linavimba tangu siku hiyo na kuchuchumaa ni shida. Ili ainuke anashika bomba la koki, na lile bomba limeshalegea ukutani. Usiku nikilisikia linagonga sipati usingizi mpaka nisikie mlango wa chumba chake umefungwa.

Fedha ya kikoba imetoka. Tumekubaliana na fundi: avunje sakafu, aweke sinki la kukaa, marumaru, shawa na koki mpya. Anaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, kiangazi kimeshakolea, na anasema siku tano anakabidhi.

Ushauri ninaoomba ni wa sisi tunaoishi humu: mama, mimi, mume wangu, watoto watatu na mdogo wangu wa kiume anayeamka saa tisa usiku kwenda Kibirizi kwenye dagaa. Maji ya bomba kwetu yanatoka kwa mgao. Tujiandae vipi? Nianze na nini?

Fundi_wa_Mwanga

Dada, pole kwa mama. Mimi ni fundi bomba hapa hapa mjini, miaka kumi na tisa sasa.

Hizo siku tano ni za mikono ya fundi, saruji nayo ina siku zake. Kuvunja na kutoa kifusi siku moja au mbili. Mabomba siku moja. Sakafu mpya ikimwagwa inatakiwa imwagiliwe na ifunikwe siku kadhaa kabla ya kubeba marumaru. Marumaru zikibandikwa hazikanyagwi mpaka saa 24 zipite, kisha unajaza viungo, nako unasubiri tena. Sinki likifungwa leo, halikaliwi leo. Jipange kwa wiki mbili, na familia yote uiambie wiki mbili.

Kabla nyundo haijagusa kitu, fungua chemba ya nje. Mwambie mtoto amwage ndoo mbili za lita 20 kwa mkupuo, wewe umesimama pale chemba. Maji yakija kwa kasi na kupita, endelea. Yakija polepole au yakisimama, tatizo liko kwenye bomba la nje au kwenye shimo, na fedha ianzie huko. Nimeitwa nyumba nyingi zenye marumaru za kupendeza ambazo choo kinarudisha maji.

Pili, nunua sinki kabla ya kuvunja. Kuna linalotoa uchafu kwa nyuma, kupitia ukutani, na linalotoa chini, kupitia sakafuni. Fundi akitegesha bomba la inchi 4 halafu ukaleta sinki la aina nyingine, anavunja upya. Marumaru nazo nunua zote kwa pamoja, boksi zenye namba moja ya toleo, na uongeze moja kwa kila kumi. Mzigo wetu unatoka mbali. Ikipungua boksi moja utakaa na choo nusu ukisubiri gari.

Kaka_Kasulu

Kwa nini usimhamishe mama? Mpeleke kwa ndugu wiki hizo mbili, mkimaliza anarudi kwenye choo kipya. Mgonjwa wa goti hawezi kuishi na vumbi na nyundo.

Binti_Gungu

Kaka, hilo nililisema mimi mwenyewe. Alinijibu, "Siwezi kuhama nyumba ya baba yenu kwa ajili ya choo." Halafu huko kwa shangazi choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, cha kuchuchumaa vile vile.

Mama_Isevya

Binti, nakuandikia kutoka Tabora. Mwaka juzi tulifanya kazi kama hiyo na sisi hatukujiandaa, kwa hiyo naomba unisikilize.

Tulikubaliana na majirani kwamba tutatumia choo chao. Mchana ilikwenda vizuri. Usiku jirani amefunga geti, ana mbwa, na mama mkwe wangu hawezi kumgongea mtu saa nane. Hakutuambia kitu. Alichofanya ni kuacha kunywa maji. Asubuhi kikombe kimoja cha chai, basi, ili asisumbue mtu. Siku ya sita alisimama akaanguka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Tulimpeleka hospitali akawekewa dripu mbili. Daktari aliponiuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku, sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kwangu mimi, cha kwanza ni choo cha mama cha usiku, ndani ya chumba chake. Tafuta kiti imara cha mbao, fundi seremala akate tundu la mviringo katikati na kulilainisha kwa msasa, chini ikae ndoo yenye mfuniko. Weka maji kidogo ndani ya ndoo kabla ya kutumia, isishike. Pembeni taa ya kuchaji, karatasi, kopo la maji. Muulize kwa heshima nani angependa amwage ile ndoo asubuhi. Mama mkwe alikubali mimi tu, wanangu alikataa.

Na maji ya kunywa mpimie. Chupa yake mwenyewe, jioni uitazame.

Binti_Gungu

Mama, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Mama ameacha chai ya jioni tangu mwezi wa nne. Nilidhani ameichoka. Sasa hivi nimetoka kumuuliza, akanyamaza, halafu akasema, "Usiku ni mbali, mwanangu." Kutoka kitandani kwake mpaka chooni ni hatua kumi na moja.

Kazi haijaanza na tayari hanywi.

Mama_Isevya

Basi kiti usingoje mwezi wa saba. Kipeleke kwa seremala kesho.

Mwl_Ujiji

Naongezea ya uani. Jengeni bafu la muda: miti minne, turubai au makuti ya mchikichi, chini mawe bapa na kokoto, mfereji mfupi uelekee kwenye migomba. Mama asioge amesimama, mwekee kiti cha plastiki kisichoyumba. Watu wazima na watoto ongea na jirani wa karibu mapema, tena uende wewe na mume wako, usitume mtoto. Peleka na sabuni ya kusafishia, na maji mtakayomwagia yatoke kwenu.

Maji: fundi atafunga bomba la ndani, na zege nalo linakunywa maji. Pipa moja la lita 200 liwe la nyumba, la fundi liwe lingine. Sisi lilikuwa moja, jioni tukakuta lina mchanga wa saruji.

Vumbi la kuvunja linafika mpaka kwenye unga. Tundika shuka lililoloweshwa kwenye mlango wa korido na ulilowanishe kila likikauka. Misumari na vipande vya sinki la zamani viondoke siku hiyo hiyo, wanao wasije wakacheza pale.

Fundi_wa_Mwanga

Mwalimu amesema kweli. Mimi namalizia ya mama.

Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili unazuia mlango na hamuwezi kuingia. Marumaru za sakafu ziwe za kukwaruza. Dukani mwaga maji juu ya moja, uikanyage kwa mguu mtupu.

Bomba la chuma la kushikia lifungwe kabla ya marumaru za ukutani. Nyumba nyingi za hapa ni tofali za kuchoma, skrubu na plagi ya plastiki havitabeba mtu anayejivuta. Fundi achimbe, aingize vyuma, amimine zege.

Na fedha usiitoe yote. Bakiza fungu la mwisho mpaka mzibe tundu la sakafu, mjaze maji kidogo, mweke alama ya penseli ukutani na yalale mpaka kesho yake. Yakipungua, kuna panapovuja.

Binti_Gungu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Chemba tumeifungua, maji yanapita. Sinki na marumaru viko chumba cha watoto. Fundi amekubali wiki mbili, na chakula cha mchana atakula kwetu.

Kiti kilifika Alhamisi. Mama alikikalia mchana kwanza, na nguo zake zote, akainuka, akakaa tena. Akasema kiko chini. Seremala ameongeza vipande vya mbao miguuni, sasa anainuka bila kuguna, na urefu huo nimempa fundi aufuate kwenye sinki.

Jana fundi alikuja kuweka alama ya bomba la kushikia. Alichora upande wa kulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akamwambia, "Baba, mkono huo hauna nguvu tangu niumwe. Weka huku." Sisi wote humu ndani hatukuwa tunajua. Amefuta, amechora kushoto.

Jioni aliomba chai. Alikunywa vikombe viwili.