Mjadala: Je, kaunti ilazimishwe kuchapisha malipo ya kila mradi?

MTOA HOJA

Kaunti zetu 47 za Kenya zinatakiwa kutoa nyaraka nyingi kila mwaka. Mpango wa maendeleo unafaa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na ripoti ya matumizi kila baada ya miezi 3. Hata hivyo, mkazi wa wadi akitaka kujua zahanati moja imelipiwa kiasi gani hadi leo, hapati jibu humo. Mstari wa ripoti unasema "ujenzi wa vituo vya afya", na chini yake zimerundikwa zahanati, vyoo na nyua za wadi nzima nzima.

Napendekeza kaunti ifungwe kisheria kuchapisha, kwa kila mradi, jina la mwanakandarasi, bei ya mkataba, BQ yenyewe (orodha ya kila kazi, kipimo chake na bei yake), na tarehe na kiasi cha kila malipo. Anayepinga atueleze kinachozuia.

MHASIBU

Nakubali uwazi, lakini orodha tupu ya malipo itapotosha watu. Angalia safari ya shilingi moja. Mwanakandarasi anaomba malipo, mhandisi anapima kazi iliyofanyika, kamati ya ukaguzi na upokeaji inatia saini, hati ya malipo inaandaliwa na kuingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha. Kisha kaunti inaomba idhini ya Msimamizi wa Bajeti ndipo pesa zitoke kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, kwa mujibu wa Ibara ya 207 ya Katiba. Na mgao wa kaunti kutoka Hazina ya Taifa ukichelewa, hati hiyo inakaa hata kama kazi imekamilika. Msomaji ataona mradi "haujalipwa" na kudhani mtu amekula, kumbe ni deni lililorundikana.

Tena ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo ya mwaka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti. Tuzisome hizo kwanza.

MTOA HOJA

Ndugu mhasibu, kama tatizo ni mgao kuchelewa, basi chapisheni tarehe 4 kwa kila malipo: siku kazi ilipopimwa, siku hati ilipoandaliwa, siku Msimamizi wa Bajeti alipoidhinisha, na siku pesa zilipoingia benki. Hapo kila mtu ataona mahali zilipokwama, na ofisi isiyo na kosa italindwa na tarehe zake.

Ukaguzi nao unakuja umechelewa kwa kazi hii. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30, yaani hadi Desemba 31. Bunge nalo lina miezi 3 ya kuijadili ripoti. Kufikia wakati huo mwanakandarasi ameshalipwa na huenda hata pesa zilizozuiliwa kama dhamana ya kasoro zimerudishwa.

MKADIRIAJI WA GHARAMA ZA UJENZI

Mnabishana juu ya malipo, na mimi naona hasara kubwa huanza kabla ya malipo yoyote. Inaanza kwenye BQ.

Chukueni barabara ya murram. Kilomita 1, upana wa mita 5, unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa: hizo ni mita za ujazo 750. Ukishindiliwa unene wa milimita 100 tu, zimeingia 500. Theluthi ya mali haipo, na barabara ikiwa mpya huwezi kuijua kwa macho. Mvua ya kwanza ndiyo inayofichua. Kosa jingine ni kuhesabu malori: murram iliyolegea kwenye lori ina ujazo mkubwa kuliko iliyoshindiliwa, kwa hiyo malori yanaweza kutimia na unene usitimie. Ndiyo maana mhandisi huchimba vishimo vya kupimia unene, katikati na kandokando. Matokeo ya vishimo hivyo yana thamani kuliko picha 20 za gavana akikata utepe.

BQ ikiandikwa "kuweka murram, jumla moja, shilingi kadhaa", hakuna wa kuipima. Nikiona mistari mingi ya "jumla moja", huwa siendelei kusoma bei, kasoro imeshajulikana. Halafu kuna mabadiliko ya mkataba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaweka mpaka: kipimo cha kazi za ujenzi kisiongezeke zaidi ya asilimia 20, na nyongeza zote kwa pamoja zisipandishe bei ya mkataba kupita asilimia 25. Bila kuchapisha bei ya awali na kila barua ya mabadiliko, mpaka huo haulindwi na yeyote aliye nje ya ofisi.

MFUATILIAJI WA BAJETI

Kifungu mnachotafuta kipo kwa sehemu kubwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 5, inaitaka taasisi ya umma ikishasaini mkataba itangaze kazi yenyewe na mipaka yake, bei, jina la mwanakandarasi na muda wa kumaliza. Kinachokosekana humo ni malipo na mabadiliko. Kwa hiyo napendelea tusukume utekelezaji badala ya kusubiri sheria mpya.

Ombi la habari chini ya sheria hiyo huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Maombi mengi hufa kwa sababu yanasema "nipeni taarifa zote za mradi". Andika namba ya zabuni, ile iliyo kwenye bango la mradi, kisha taja hati moja moja: BQ iliyosainiwa, vyeti vya malipo, cheti cha kamati ya ukaguzi, barua za mabadiliko. Weka nakala yenye muhuri wa siku ilipopokelewa. Bila muhuri huo, siku 21 hazina pa kuanzia.

MHASIBU

Tarehe 4 nazikubali, na BQ pia. Ila malipo ya watu binafsi, mfano matibabu ya mfanyakazi au basari ya mwanafunzi, yabaki nje; haki ya faragha ipo katika Ibara ya 31.

Na msisahau bajeti ya nyongeza. Kaunti inaweza kutumia kabla ya idhini pesa zisizozidi asilimia 10 ya bajeti, kisha iombe idhini ya bunge ndani ya miezi 2. Mradi wenu unaweza kufutiwa fungu humo wakati mnafuatilia malipo yake.

MTOA HOJA

Basari siikubali yote. Jina la mwanafunzi lifichwe, sawa, lakini shule, wadi na kiasi vichapishwe. Na jedwali la bajeti ya nyongeza lioneshe mradi uliopunguziwa na ule uliopewa pesa hizo, mstari kwa mstari. Hapo bado hatujakubaliana.