SK36 inaota kwenye kanamaisini kana kwamba hakuna dawa: msaada wadau

Chuo_Usiku
Wakuu, salaam. Nipo shahada ya pili, nashughulika na Streptococcus sanguinis SK36, wale bakteria wa kwenye meno wanaotoa haidrojeni peroksaidi na kumbana S. mutans, mtoboa meno. Nataka kung'oa jeni ya spxB, inayowawezesha kutoa hiyo peroksaidi, nione kama mutans atapata nafuu. Kwa PCR (njia ya kunakili DNA) nimeunganisha kipande cha kabla ya jeni, kaseti (kipande cha DNA) ya usugu wa kanamaisini, na kipande cha baada yake. Nikipanda kwenye kanamaisini mikrogramu 50 kwa mililita, sahani yote inajaa, hata ile ya kulinganisha isiyotiwa DNA! Dawa ni mpya, E. coli anakufa vizuri tu. Tatizo nini?

Bi_Sahani
Mdogo wangu, dawa haina kosa. 50 ni dozi ya E. coli. Streptokoka hawapumui, wanaishi kwa kuchachusha, na kanamaisini huingia kwenye seli kwa msukumo wa upumuaji. Kwao inapenya kiduchu. Weka 500. Ndiyo, mia tano. Kule Virginia Commonwealth walizing'oa jeni za SK36 moja moja kwa kaseti ya kanamaisini, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba 218 hawezi kuishi bila hizo. spxB haimuui, usihofu.

Ukipandisha dozi, huenda sahani zikawa tupu. Usikimbilie kulaumu PCR. SK36 humeza DNA mwenyewe, mashine ya umeme ya kuingizia DNA ya nini? Ila humeza kwa muda mfupi, akiwa bado mchanga: zimua waliolala usiku kwenye media mpya yenye seramu ya farasi, utie CSP (peptidi inayowaamsha kumeza DNA) na DNA kabla media haijaanza kuwa na ukungu. Na CSP iwe ya SK36, ya S. gordonii, ndugu yao, hawaisikii. Vipande vya pembeni viwe na herufi za DNA kama 1,000 kila kimoja.

Koloni zikipatikana, zipande kwenye sahani ya bluu ya Prussia, inayogeuka bluu penye peroksaidi. Mzazi hujizungushia duara la bluu, mutanti, aliyeng'olewa spxB, hana.

Kijiti
Mie si wa maabara, natafuna mswaki wa mti. Huyo sanguinis si mtuuzie kwenye vidonge?

Bi_Sahani
Kaka, huyo akiingia kwenye damu anaweza kung'ang'ania vali za moyo. Anayeuzwa kwenye vidonge vya kumung'unya ni Streptococcus salivarius K12, kazi ya John Tagg wa Dunedin, New Zealand, na hakuchezewa jeni.

Chuo_Usiku
Asante sana dada. Je, kaseti ikishaingia inatoka?

Bi_Sahani
Inatoka, kwa kaseti yenye jeni ya pheS iliyobadilishwa: mwenye nayo hufa ukimpa p-klorofenilalanini, kwa hiyo raundi ya pili unampa DNA isiyo na kaseti, anayebaki ni aliyeitupa. Ila kwa swali lako huna haja nayo. Afadhali muda huo urudishe spxB sehemu nyingine ya kromosomu uone duara la bluu likirudi, ijulikane kweli ni spxB, maana msimamizi wako ataliulizia hilo kabla ya lolote.