Saikolojia sekondari imegeuzwa somo la kukariri majina na miaka!

Wakuu, leo naongea kwa hasira maana yamenifika shingoni.

Somo hili nililichagua mwenyewe. Nilitaka kujua kwa nini mtu anasahau, kwa nini anatii amri inayomsuta roho, kwa nini shahidi anaapa kwamba kaona ambacho hakikutokea. Ninachopewa ni orodha. Wundt, Leipzig, 1879. Pavlov, mbwa, mate. Watson, mtoto Albert, 1920. Kariri, mwaga kwenye karatasi, sahau.

Chukueni Milgram, yule aliyepima utii kwa kuwaamuru watu wampige mwenzao shoti za umeme, wao wasijue kwamba shoti ni za uongo. Tumeandikishwa kwamba washiriki 26 kati ya 40 walifika mpaka volti 450. Haya. Mbona hatuambiwi kwamba alilirudia jaribio lile kwa namna nyingi, na msimamizi alipotoka chumbani akawa anaamuru kwa simu, utii uliporomoka? Utamu wote uko hapo! Nilipouliza darasani nikaambiwa halimo kwenye mtihani, tuendelee.

Gereza la Zimbardo la 1971, lile jaribio la gereza la kuigiza ambamo vijana waligawanywa kuwa walinzi na wafungwa, ndilo lililonichefua kabisa. Tunalishwa kwamba vijana walivaa tu sare za ulinzi wakageuka wakatili wenyewe. Kanda zilizohifadhiwa zinaonyesha walinzi walikuwa wakihimizwa wawe wakali. Hilo linabadilisha maana yote ya jaribio! Nililiandika kwenye insha, nikakatwa alama kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha unataka jibu moja. Yaani kuhoji ushahidi ni kosa, tena kwenye somo la sayansi.

Na kinachoniuma zaidi, dawa imo humo humo kwenye daftari zetu. Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tulichokariri kinavyotoweka upesi. Roediger na Karpicke, 2006, wakaonyesha kwamba wanafunzi waliojipima bila kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena. Tunayanakili ubaoni, kisha tunaambiwa tukasome tena na tena.

Vitendo je? Hakuna. Jaribio la Loftus na Palmer la 1974, la jinsi neno moja kwenye swali linavyobadilisha jibu la shahidi, linahitaji video fupi ya ajali na karatasi za maswali tu. Nusu ya darasa waulizwe magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogusana", nusu "yalipobamizana", halafu tulinganishe wastani. Hapo ungejifunza sampuli, takwimu na ridhaa ya washiriki kwa mkupuo mmoja. Badala yake tunachora mshale kutoka kisababishi kwenda matokeo, kengele inalia.

Halafu wenzetu wa fizikia wanatuambia hili ni somo la mteremko. Kwa jinsi linavyofundishwa, nitawabishia kwa lipi?

Walioko kwenye shule ambako mnafanya majaribio kwa mikono yenu, naomba mwandike hapa mnayapangaje na yanachukua vipindi vingapi. Nataka kumpelekea mwalimu wa taaluma kitu kilichoandikwa, asipate pa kusema haiwezekani.